Shingo ya Jogoo wa Mistari

Ukitaka kuniona nikikasirika bure, niwekee mezani nyoya la kuku lililopinda. Hasira hiyo niliipatia mjini Kakamega, miaka ya tisini, katika karakana moja iliyokuwa nyuma ya maduka ya vitambaa. Nilikwenda huko kujifunza kufunga nzi. Si nzi wa chooni. Ni chambo cha kuvulia samaki: ndoano inayovishwa manyoya, nywele na uzi mpaka ifanane na mdudu au chura mdogo, halafu inapakiwa kwenye visanduku na kupelekwa ng'ambo kwa watu wanaovua kwa kujifurahisha. Nyumbani Shinyalu nilichoka kueleza. Kila jioni majirani walinipokea kwa swali lilelile: umefunga nzi wangapi leo, na je, hawakukupiga teke?

Karakana ilikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya wale waliofunga nzi wadogo wa trauti, samaki wa maji baridi. Yetu ilikuwa ya samaki wa maji ya vuguvugu, wenye midomo mipana, wanaoishi katika maziwa ya huko ng'ambo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Samaki niliowajua mimi ni omena, na mumi wa sokoni ambaye mama alimpika kwa mchuzi mzito. Nzi wetu walikuwa wakubwa, na vichwa vyao vilitengenezwa kwa nywele za paa zilizokatwa kwa wembe zikawa duara. Nyuma walikuwa na mkia wa manyoya mawili ya shingo ya jogoo, moja likielekea kushoto na jingine kulia, kama miguu ya chura anapoogelea. Mkia huo ndio ulionitesa.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: vaisi yangu mwenyewe. Vaisi ni kile kibano cha chuma kinachofungwa ukingoni mwa meza ili kishike ndoano wakati mikono yako inafanya kazi. Mwenye vaisi yake alikuwa mfanyakazi. Asiye nayo alikuwa mwanagenzi, na alingoja mwenzake aende kunywa chai ndipo aketi. Ili upewe vaisi, ilibidi ufunge dazani nzima ya nzi wanaofanana, uwapeleke kwa msimamizi, naye aridhike. Nafasi zilikuwa tatu. Mimi nilikuwa nimeshapoteza mbili, zote kwa sababu ya mkia. Nikiharibu ya tatu ni kurudi kuchuma majani chai katika shamba la baba, kazi niliyoapa mbele ya watu kwamba sitaigusa tena. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi.

Lililonichoma zaidi ni utaratibu wenyewe. Manyoya mazuri yalikuja yakiwa bado yameshikamana na ngozi ya shingo, makubwa na madogo kila moja mahali pake, ya kushoto upande wa kushoto na ya kulia upande wa kulia. Hayo yalikuwa ya wafanyakazi. Sisi wanagenzi tulipewa mfuko wa mabaki. Ungeweza kuchakura humo asubuhi nzima ukapata manyoya tele ya kushoto na ya kulia usipate hata moja, au ukapata mawili yanayoelewana, moja likiwa limeliwa na wadudu.

"Mkia wako umepinda," msimamizi aliniambia siku niliyoanguka mara ya pili. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mgumu wa macho.

"Manyoya ndiyo yamepinda, madam."

"Ukipata vaisi utapewa mazuri."

"Na nitapataje vaisi kwa haya?"

"Ndiyo maana unaitwa mtihani," akasema, akaenda meza ya trauti.

Nilitoka nje nikasimama kando ya mfereji wa maji nikamsema kwa Kiluhya mpaka nikatosheka. Hakujua lugha yetu, na mimi nilikuwa nikilitegemea hilo sana miezi ile.

Ni hapo mferejini nilipomkumbuka jogoo wa mama. Alikuwa mkubwa, wa mistari, nyeusi na nyeupe zikipishana katika kila nyoya kuanzia shinani hadi nchani, rangi ileile iliyotakiwa kwenye mtihani. Shingo yake ilikuwa nene kwa manyoya. Nilimwona kila asubuhi akinitazama kwa jicho moja huku nikitafuta viatu, na kumbe muda wote huo alikuwa amenivalia mtihani mzima.

"Mama, nipe jogoo," nikasema jioni ile.

"Ya nini?"

"Nataka manyoya ya shingo."

Mama aliangua kicheko, kisha akaona sicheki. "Jogoo inachinjwanga kwa sababu ya mgeni," akasema. "Haichinjwangi kwa sababu ya samaki ya Wazungu."

Nilinuna siku kadhaa. Bahati ikanijia kutoka Lugari, alikokuwa ameolewa shangazi yangu, dada yake baba. Alituma habari kwamba atakuja kututembelea Jumapili, na mtihani wangu ulikuwa Jumatatu. Shangazi hakaribishwi kwa mboga. Jogoo akawa amehukumiwa, nami nikamwambia mama tumchune shingo, ngozi na manyoya yake nipewe nzima nzima.

"Nimpelekee senje yako ingokho yenye shingo uchi? Atasema nini kwa watu?" Mama alikunja uso. Kwetu kuku wa mgeni hufika mezani akiwa kamili, na ngozi yake, na kukosekana kwa kipande kimoja kunaweza kusimuliwa miaka. Tukakubaliana nusu njia: nitamnyonyoa shingo mimi mwenyewe, akiwa mkavu, nyoya moja moja, kabla hajatiwa maji ya moto. Maji ya moto hulegeza manyoya yakang'oka kwa fumba, lakini huyakunja na kuyagandamanisha. Mama aliniahidi, na mama si mtu wa kuvunja ahadi.

Jumapili, baada ya kanisa, nilitumwa sukari sokoni. Mwenye duka alikuwa bado kanisani kwake, wale wa ibada ndefu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiyahesabu manyoya kichwani, nikimlaani mhubiri asiyejua kumaliza. Nilipopata sukari nilirudi karibu nikikimbia.

Shangazi alikuwa ameshafika. Alikuwa amepata lifti ya lori la mahindi akatangulia saa aliyotarajiwa. Baba alipomwona dada yake, hakungoja mtu, alimkamata jogoo akamchinja palepale. Mama hakuwepo, alikuwa ameteremka chemchemi kuongeza maji ya mgeni. Na shangazi ni binti wa boma, hakai sebuleni kungoja kuandaliwa. Alivua viatu, akaingia jikoni, akakuta kuku amechinjwa na maji yanatokota, akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Alimtumbukiza jogoo mzima, kichwa kikitangulia.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ananyonyoa kwa fumba huku akiimba. Shingo ilikuwa nyeupe tupu. Miguuni pake palikuwa na lundo la manyoya yaliyolowa, yamechanganyika na majivu na damu.

"Mtoto wa ndugu yangu!" akaita kwa furaha. "Nimewapunguzia kazi!"

Kama angekuwa dada yangu, ningesema maneno ambayo yangenifukuzisha nyumbani. Lakini shangazi kwetu ni baba aliyevaa gauni. Hagombezwi. Nilipiga magoti kidogo, nikampa mkono, nikasema, "Asante, senje." Mama alitokea na mtungi wake kichwani, akaliona lundo, akauona uso wangu, akaelewa. Aliutua mtungi akaanza kumkaribisha wifi yake kwa vigelegele, kama ilivyompasa. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, nikalia kwa hasira.

Baadaye kidogo shangazi alinifuata, mikono bado imelowa. Mama alikuwa amemweleza.

"Kumbe unalilia manyoya? Nilifikiri unamlilia mwanamume."

"Ni kazi, senje."

"Hebu niambie vizuri. Hiyo kitu inashika samaki?"

"Inashika."

"Halafu wanampika?"

Hapo nilijua sitatoka salama. Msimamizi alikuwa ametueleza habari hiyo na sisi wenyewe hatukuiamini. "Wanamrudisha majini," nikasema.

"Wanamshika, wanamrudisha?"

"Ndiyo, senje."

Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. "Na wewe unalia," akasema.

Maneno hayo yananiudhi hadi leo kuliko kupinda kwa nyoya lolote.

Mama hakuingia katika mjadala. Aliokota lundo lote, akalitia kwenye karai, akaliosha kwa sabuni na kulisuuza mpaka maji yakatoka safi. Tulitaka kuyaanika juani, lakini mvua ya alasiri ikatukatiza kama ilivyo ada yake, kwa hiyo tukayatandaza kwenye ungo, tukauweka karibu na meko. Yalikuwa yamesinyaa vibaya. Nikasema tuyatupe. Mama akasema ngoja. Kwenye meko jogoo mwenyewe alikuwa akichemka, na mvuke ulipokuwa ukiupitia ungo nikaona nyoya moja linajinyoosha. Kisha jingine. Nilisogeza ungo juu ya sufuria.

Tukakaa watatu kuyachagua. Ningependa kusema ilikuwa alasiri tamu, lakini nilikuwa karibu kupasuka. Shangazi alioza manyoya kama mtu anayepanga ndoa za haraka: refu na fupi, kushoto na kushoto, "haya yanapendana." Mama aliyapuliza yakaruka. Wote wawili walizungumza bila kukoma juu ya watu wa Lugari na mahindi yao, huku mimi nikivunja kila jozi na kuifunga upya. Nikiwasahihisha, wanacheka. Nikinyamaza, wanakosea. Lakini mpaka chakula kinapakuliwa nilikuwa na jozi za kutosha mtihani, safi, zilizosimama vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutoa katika ule mfuko wa mabaki.

Jumatatu nilipewa vaisi ya mwenzetu aliyekuwa mgonjwa. Mikia ilikaa. Sijui niseme vipi raha ile: unazungusha uzi, unaachia, na manyoya mawili yanabaki yamepeana mgongo bila kujipinda, kila nzi kama aliyemtangulia. Nilikata nywele za vichwa taratibu, nikapaka vanishi kwenye mafundo ya uzi ili yasifumuke, nikawapanga kwenye kadi. Nikamwita msimamizi kwa sauti ambayo pengine ilikuwa kubwa kupita adabu.

Aliwatazama mmoja mmoja. Aliwageuza, akawasimamisha kwenye mwanga wa dirisha, akavuta mikia. "Hii ni mikia," akasema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akatoa uzi mwembamba mfukoni, akashika nzi wa kwanza, akajaribu kuupitisha kwenye tundu la ndoano, pale mbele ya kichwa, mahali ambapo mvuvi hufunga kamba yake. Haukupita. Akachukua wa pili. Haukupita. Alijaribu wengi kabla hajaurudisha uzi mfukoni.

"Vanishi imeziba," akasema. "Mvuvi atafunga wapi?"

"Vanishi ya wanagenzi ni nzito, madam. Chupa inakaa wazi."

"Ndiyo. Ni nzito."

"Nipe pini niyazibue. Ni kitu cha dakika moja."

"Umeshaniita," akasema. "Ukiniita, mtihani umekwisha."

Miezi yote ile niligombana na nyuma ya nzi, sikumtazama mbele hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kunifikisha huko. Siku zote nilikuwa nimeangushwa mkiani. Na bado nasema vanishi ile ilikuwa nzito, na kwamba mtu anayekubali kuwa vanishi ni nzito angeweza kutoa pini. Msimamizi aliniambia nimwachie mwanagenzi mwingine vaisi. Alisema kwa upole, na upole wake uliniudhi zaidi. Nilivua aproni nikaikunja, maana sikutaka waseme nimeitupa.

Mama alikuwa nje ya nyumba na jirani mmoja, wakipepeta maharagwe. Aliponiona nakuja mapema alisimama, akajipangusa mikono kwenye leso. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Yeye akaniwahi.

"Manyoya yalipita?"

"Yalipita, mama," nikasema. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeyatia kasoro.

Mama alimgeukia jirani akampiga begani. "Si nilikwambia? Jogoo yangu! Saa hii inaenda ng'ambo!" Akacheka, akamwelezea maji ya moto, na mvuke, na wifi yake na kigoda, akaanza tena mwanzo pale jirani alipokosa kuelewa. Nilisimama hapo nikingoja anigeukie. Alifurahi mno, hata hakukumbuka kuniuliza kama na mimi nilipita.