Jicho la Kulia na Somo la Jumapili

Nimesoma somo la kwanza la misa katika kanisa la kigango chetu, huku Mwazye, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Jicho la kushoto liliharibika zamani kwa kibanzi cha kuni, hivyo kazi yote ilikuwa ya jicho la kulia. Mwaka juzi, baada ya kuugua mkanda wa jeshi usoni, jicho hilo nalo likaanza kuona ukungu na vidoa vinavyoelea. Nilinyamaza wiki mbili. Masomo ya Jumapili hurudi kila baada ya miaka mitatu, na mengi ninayo kichwani. Jumapili moja nikasimama mbele, nikafungua kitabu, nikalitoa somo zima bila kusita.

Kumbe lilikuwa somo la mwaka uliotangulia. Niliwasomea watu sifa za hekima, halafu padre akahubiri juu ya mjane na chupa yake ya mafuta.

Njiani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kando ya shamba la ulezi. Kisha akanitazama.

“Mzee wangu, unaona au huoni?”

Nikakiri. Kesho yake asubuhi tulikuwa Sumbawanga hospitalini.

Daktari wa macho, binti mdogo tu, alitusalimia shikamoo, akanitia dawa ya matone na kulichungulia jicho kwa muda mrefu. Alisema kirusi cha ule mkanda kimeingia kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, na kikiendelea kusambaa sitaona tena. Dawa ilianza siku hiyo hiyo. Nilimuuliza, wiki mbili zile nilizonyamaza, ni nani aliyekuwa akililinda jicho langu?

“Seli zenyewe, babu. Kirusi kikiingia, seli inatengeneza protini za kujikinga. Nyingine zinakizuia kisizaliane. Nyingine zinatoka nje kuwaonya majirani wajiandae kabla hakijawafikia. Zimekushikia mpaka ukafika. Sasa dawa inazisaidia.”

Mke wangu akadakia, “Umesikia? Hata seli zinawaambia majirani. Wewe unalala na mimi kitanda kimoja, umekaa kimya.”

Daktari aligeukia dirishani kuficha kicheko.

Tulikaa kwa shemeji yangu, mtaa wa Chanji pale mjini, muda wote wa matibabu. Kila niliposali rozari niliwakumbuka walinzi wale. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba Mungu ametuumba kwa ustadi, lakini sikujua kwamba alifika mpaka huko ndani, kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, akaweka ujirani.

Pembeni mwa jicho pamebaki kivuli, na daktari alisema hakitaondoka. Katikati ni peupe.

Jumapili niliyorudi mbele ya waamini, mke wangu alikaa benchi la kwanza, kidole chake kikifuata mistari kwenye kitabu chake. Katikati ya somo nilijikwaa kwenye jina gumu la mji mmoja, nikarudia mara mbili. Nilipotazama chini, alikuwa akitabasamu huku akifuta machozi.

Nje aliniambia, “Leo umesoma kweli. Ulipokuwa unakariri hukukosea hata neno.”