Nambari za Safari

Siku ya kwanza kazini nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi na mke wangu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaona haya. Yadi yetu ilikuwa Shimanzi, nyuma ya magodauni, mahali ambapo malori hupishana kwa shida. Tulipokea mitambo ya ujenzi iliyokwisha kutumika ng'ambo: greda, matingatinga, eskaveta, na zile tunazoziita sheveli, zenye magurudumu manne na beleshi kubwa mbele. Ikishushwa bandarini huletwa kwetu, tunaikagua na kuitengeneza, kisha wanunuzi wanakuja. Mimi nilitoka Kibokoni, Mji wa Kale, nikiwa fundi wa magari madogo, na nilidhani injini ni injini.

Msimamizi wa karakana, mzee wa mtaani kwetu asiyekuwa na mzaha saa za kazi, alinitazama toka juu hadi chini.

"Hiyo pasi umempigia nani? Injini?"

Watu wakacheka. Kisha akanipa bisibisi ndefu, akanionyesha namna ya kuiweka ncha yake kwenye chuma cha injini na mpini wake sikioni. "Sikiza," akasema. "Usiguse kitu hujasikiza." Hivyo ndivyo tulivyotafuta ugonjwa wa mtambo enzi hizo. Kwa sikio, kwa pua, kwa rangi ya moshi. Nilimsikiza yeye na injini zake miaka mingi, na sijuti hata siku moja.

Baadaye ikaja mitambo yenye kompyuta. Vijana mnaosoma haya mmeikuta, kwa hiyo nawaeleza tulivyoipokea sisi. Injini imetiwa vipimo vidogo, yaani sensa, vinavyoangalia joto, mafuta na mzunguko. Kipimo kimoja kikiona kasoro, kompyuta huiandika kwa nambari. Unachomeka kifaa chako kwenye tundu lililo karibu na kiti cha dereva, na nambari zinajitokeza kwenye kioo chake. Kuna zilizo macho, maana yake kasoro ipo sasa hivi, na kuna zilizolala, maana yake kasoro ilitokea ikapita. Kando ya kila nambari huandikwa saa za injini, yaani mtambo ulikuwa umefanya kazi saa ngapi tangu uundwe wakati kasoro ilipotokea.

Msimamizi hakukigusa kile kifaa hata mara moja, lakini alikaa nyuma yangu akiuliza kila kitu. Alipokwisha kuelewa akaleta buku kubwa la jalada gumu. "Andika zote kwanda, ndipo ufute," akaniambia. "Na uandike na saa zake. Tia mato kwenye saa, uziangalie vyema."

Sababu yake ilikuwa hii. Mtambo ukisafirishwa baharini betri hufa, au hukatwa waya na kuunganishwa tena ovyo, na kompyuta ikikosa umeme wa kutosha hulalamikia kila kitu. Kwa hiyo mitambo ilifika na nambari ishirini, thelathini, karibu zote za uongo. Tuliziita nambari za safari. Utazijua kwa saa zake: zote zina saa zilezile, kwa kuwa melini injini haifanyi kazi na saa zake hazisogei. Nambari ya kweli ina saa tofauti, za zamani, kwa kuwa ilitokea mtambo ukiwa kazini. Si elimu kubwa. Ni kusoma mstari mmoja mmoja tu.

Msimamizi alipostaafu nikawekwa mimi mkuu wa ukaguzi. Nilijua sana, na kujua sana kukanizoesha vibaya. Nikiona orodha ndefu nilisema moyoni, hizi ni za safari, nikafuta zote, kisha nikawasha injini kuona kama kuna itakayorudi. Haikurudi hata moja, mwaka baada ya mwaka. Buku likabaki na majina ya mitambo na madereva tu.

Ndipo ikaja ile sheveli. Mnunuzi alikuwa na machimbo ya mawe upande wa bara, na lori la kuibeba lilikwisha kufika getini. Alimtuma dereva wake aikague, Bwana Katana, mtu mzima wa Likoni, mpole, aliyeendesha sheveli tangu ujana wake. Alizunguka tairi zote, akapanda, akainua beleshi na kulishusha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi na kifaa mkononi.

"Fundi, naona hapo pana maandishi mengi," akasema. "Yasema nini?"

"Ni ya safari tu hayo, Bwana Katana." Nikabonyeza. Kioo kikawa cheupe.

"Basi haina neno?"

"Haina neno."

Akanipa mkono. Neno langu lilimtosha.

Haukupita mwezi, sheveli ikarudishwa imelala ubavu juu ya lori. Ilikuwa ikishuka mteremko na mzigo, injini ikazimika ghafla. Injini ikizimika, usukani huwa mzito na breki hubakiwa na nguvu chache. Ilipinduka, na mguu wa Bwana Katana ukabanwa. Meneja wa yadi akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka.

"Mwenye machimbo asema dereva alizembea," akasema. "Andika ripoti, tumalize."

"Na dereva atakuwaje?"

"Akiwa na kosa, hana kazi wala hana wa kumtibu. Lakini hilo si letu, Fundi Saidi."

Niliifungua ile injini mwenyewe. Nyuma yake, mahali pasipofika macho, waya wa sensa ya mzunguko ulikuwa umesuguana na chuma hadi shaba ikatokeza. Injini ikipata moto waya unagusa chuma, na injini inazimika. Ikipoa, inawaka kama kawaida. Kilichonivunja moyo ni tepu. Fundi wa huko ng'ambo alikuwa ameuzungushia waya ule tepu, na tepu yenyewe ilikuwa imekauka na kuliwa zamani. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwemo kabla ya meli, na nambari yake bila shaka ilikuwemo katika orodha ile, na saa zake za zamani. Nilikaa chini kwenye saruji, nikalia.

Niliandika ripoti kwamba dereva hana kosa, na kwamba mkaguzi alifuta nambari bila ya kuzisoma. Meneja akaisoma mara mbili. "Hakuna ajuaye kilichokuwemo," akasema taratibu. Nikamwambia, "Hata mimi sijui. Hilo ndilo kosa lenyewe." Nilivuliwa ukuu, nikarudishwa kubadilisha filta na kupiga grisi. Bwana Katana alisalia na jina lake safi, na mwajiri akamtibu.

Nilivuka Feri kwenda kwake siku ya Ijumaa, baada ya sala. Mkewe alinikaribisha akanipa kiti. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Nilimweleza Bwana Katana yote kama nilivyowaeleza nyinyi, na nikamwomba radhi.

"Ungenisomea tu, fundi," akasema. "Mimi nimeendesha mashine mbovu maisha yangu yote. Ningejua yazimika, nisingeishusha na mzigo. Lakini uliniambia haina neno."

Radhi alinipa, Mungu amjaze kheri. Kuanzia siku ile mpaka nilipostaafu, sikufuta kitu ila dereva amekaa kitini, nikamsomea kila mstari kwa sauti, na saa zake, hata kama ni thelathini. Wengine walinicheka, wakaniita imamu. Niliwaacha wacheke.

Siku ya kuagwa walinipa saa ya ukutani, nami nikaomba lile buku. Liko kabatini kwangu Kibokoni, na mara nyingi nalifungua ukurasa mmoja. Juu pameandikwa kwa mkono wangu: sheveli, dereva Katana. Chini yake mistari ni mitupu. Nimejaribu mara nyingi kuijaza, hata nambari moja tu. Lakini mtu hawezi kukumbuka kitu ambacho hakukisoma.