Aliyesogea Ndani Hakutoroka

Usiku ule nililala na hasira imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mchana wake, kikaoni, bosi wetu Bwana Shomari alitutangazia kwamba mfumo wa kutuma majibu ya maabara kwenye simu za wagonjwa umegoma tangu tuuhamishie kompyuta mpya, na mwenye kosa ni marehemu Mwalimu Kitwana, eti faili zake za mipangilio, ambamo kila mstari una jina na siri yake, hazina jina moja muhimu. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kazi hii, na arobaini yake haijafika. Marehemu hana mdomo, basi apakwe matope! Na aliyeandika amri ya kuyachambua majina kwenye faili zile ni Bwana Shomari mwenyewe.

Ndotoni nikamwona Mwalimu chumba cha kompyuta, na miwani yake iliyofungwa uzi. Mara tuko uwanja wa shule, anaita mahudhurio. Mtu akitaka kutaja na siri yake, anamkatiza.

"Jina tu. Siri kaa nayo."

Pembeni Bwana Shomari anaandika waliopo, lakini anawaandika waliokanyaga mstari wa chokaa tu. Mama mmoja mwenye bahasha ya maabara amesimama hatua mbili nyuma ya mstari. Anaita yupo, anaita tena, na yule bwana anamwandika mtoro. Nataka kumtetea, mdomo haufunguki. Mwalimu ananigeukia.

"Zuhura, aliyesogea ndani hakutoroka. Desturi yangu unaijua. Mbona ulinyamaza?"

Nikaamka, nikafungua kompyuta papo hapo. Kweli bwana, amri ya Shomari ilitafuta majina yanayoanzia ukingoni kabisa mwa mstari, na Mwalimu siku zote aliacha nafasi mbili mbele ya mistari ya ujumbe wa simu. Nikairekebisha amri ikubali nafasi, ikatoa majina matupu bila siri zake. Mwishoni likajitokeza UFUNGUO_WA_UJUMBE, lilelile tuliloambiwa halipo.

Nimeichapisha orodha. Asubuhi, mbele ya walewale waliosikia marehemu akisingiziwa, nitasema jina lilikuwepo tangu mwanzo. Kisha nitasema na kosa langu, kwamba nilijua anavyoandika, na nilinyamaza.