Kilichomo mfukoni mwa Saadi

Bi Zuena wa Mloka hanywi chai ambayo hakuiona ikichemka. Akinunua sukari huilamba palepale dukani, muuzaji akimtazama. Mume wake wa kwanza aliwahi kumuaga kwamba anakwenda Ngarambe kumwona mgonjwa, kumbe huko ana mke na watoto. Tangu hapo, kitu cha mtu mwingine hakikubali hadi akione ndani.

Kwa hiyo tembo walipokula nusu ya mahindi yake mwaka huu, wakapita pembezoni mwa shamba la Saadi bila kuvunja hata bua, yeye hakusema ni bahati mbaya.

Mashamba yao yanapakana. Kila mmoja ana dungu lake, kibanda cha juu ya miti cha kulindia wanyama, na wamekubaliana kwamba atakayesikia kishindo kwanza agonge debe, mwenzake aitikie. Nusu ya mahindi iliyobaki ndiyo riziki ya Bi Zuena. Ikiliwa, itambidi ahamie Kibiti kwa mkwewe, akale chakula kilichopikwa yeye hayupo jikoni.

Saadi alipokuja kumpa pole, hakutoa mkono. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na mle mfukoni kitu kilikuwa kikituna na kunywea kama koo la chura. Bi Zuena akaona zindiko. Kuzindika shamba kwa dawa si kosa Mloka. Kosa ni kuzindika kwa siri, maana mnyama akifungiwa kwako anageukia kwa jirani.

Asubuhi iliyofuata alimvizia mpakani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Toa huo mkono.”

“Hata hujaniuliza habari?”

“Habari nitaziona.”

Saadi akatoa kipira cha puto jekundu, laini, kimefungwa fundo. Alipewa na nesi wa zahanati, akasema, akifinye moyo unapomwenda mbio. Tembo walimwangusha na dungu lake msimu uliopita, na mikono haijatulia tangu siku ile.

“Mwanamume na ndevu zako unafinya puto?”

“Ndiyo maana nikaficha. Nilijua mtanicheka.”

“Nani kacheka? Pasua.”

“Shangazi jamani, ndicho nilicho nacho.”

“Kama ni puto, pasua.”

Saadi alimtazama, akang'ata fundo. Unga mweupe ukamwagika mpakani. Bi Zuena aliruka nyuma. Unga, tena mpakani!

“Wa ngano huu. Nesi kautia mbele yangu.”

“Lamba.”

Akalamba.

“Lamba na wa katikati.”

Akalamba tena, midomo ikawa myeupe kama ya mtoto aliyeiba maziwa ya kopo. Hakuanguka. Lakini Bi Zuena aliondoka bila kuridhika, maana dawa ya mtu haimdhuru mwenyewe.

Magharibi ilipoingia, miti ikaanza kuvunjika upande wa porini. Bi Zuena akagonga debe, akasubiri kuitikiwa. Kwa Saadi kulitoka mlio hafifu, kisha fimbo yake ya kugongea debe ikasikika ikianguka. Akachungulia. Saadi alishuka ngazi, akaiokota, ikamponyoka. Akaiokota tena, ikamponyoka tena. Hakujua kama anatazamwa, kwa hiyo hakuwa anaigiza. Hilo Bi Zuena alilipima kabla ya kulikubali. Akalikubali. Sasa upande ule wa mashamba haukuwa na mlinzi, na aliyemwondoa ni yeye, alipodai puto lipasuliwe.

Aligonga peke yake hadi bega likafa ganzi. Tembo wakageukia mtoni. Kesho wangerudi, na bega lake lisingetosha.

Kulipokucha alikata kipande cha kanga kuukuu, akakishona kikawa mfuko mdogo, akaujaza pumba za mpunga, akaufinya mwenyewe mara kadhaa. Akampelekea Saadi.

“Huu nimeujaza mimi. Kilichomo nakijua.”

Saadi aliupokea kwa mikono miwili. Akaupima uzito. Akaunusa.

“Umetia nini, shangazi?”

“Pumba.”

“Pumba tupu?”

Bi Zuena hakukasirika. Kwa mara ya kwanza alimwona kijana ana akili. Akampa kisu.

“Fumua uone,” alisema, akajikalisha kwenye tuta kumsubiri. “Uzi ninao.”