Kaptula ya Kitenge

Nilitoka Igoma asubuhi ya Jumamosi bila kujua naenda wapi, jambo ambalo shemeji yangu alikuwa akilisubiri kwa hamu. Nilikuwa nalala sebuleni kwake tangu masika, na mume wa dada yako akianza kukusalimia kwa kukuuliza "bado upo?" ujue ukarimu umefika mwisho. Asubuhi hiyo ndala yangu ilikatika mkanda pale pale mlangoni. Shemeji aliingia chumbani kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao, akatoka na viatu vyake vya zamani vya ngozi, vya kufunga kamba.

"Chukua, shemeji," akasema. "Hivi vinafika mbali."

Dada alijifanya anapuliza moto ili tusione kama anacheka.

Juu nilivaa shati la mitumba. Miaka hiyo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, na watu waliokuwa wakipanga foleni kwenye duka la ushirika kungoja khaki sasa waliinama juu ya marobota wakichagua nguo za Wazungu waliokufa, huku wakilalamika kwamba Wazungu hao walikuwa wanene mno. Shati langu lilikuwa la kijani, lenye kola, na kifuani lilidariziwa fimbo mbili zilizopishana na kitu cha mviringo katikati. Muuzaji aliniapia kuwa ni alama ya hospitali. Mimi niliona majembe mawili na yai. Nililipenda.

Niliacha shule darasa la sita, si kwa sababu ya ujinga, ingawa mwalimu mkuu alikuwa na maoni yake. Niliacha kwa sababu shule ilikuwa mahali pamoja. Nikiona njia sijaipita, miguu inawasha. Basi nilishuka mjini, nikapita Mirongo, nikaelekea upande wa ziwa nikifuata ukuta wa michongoma ambao sikuwahi kuuona mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa geti, na getini alisimama mlinzi mzee wa Kisukuma aliyevaa koti la jeshi lililokwisha vita vyake zamani. Aliniangalia kutoka miguuni kwenda juu. Viatu. Kola. Akafika kwenye majembe na yai, akabana visigino na kunipigia saluti.

"Karibu, bwana. Kora ipo, viatu vipo. Pita tu."

Maishani mwangu hakuna aliyewahi kunifungulia geti, achilia mbali saluti. Nilikuwa karibu kupita niliposikia sauti chini ya ukuta.

"Kumbe na wewe ni mkubwa, mwanangu? Mbona soksi huna?"

Alikuwa mama wa makamo, mnene, Mkerewe kwa lafudhi, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa kama mtu aliyehamia pale. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanieleza shida yake kabla sijaiuliza. Alikuwa ananunua sangara ng'ambo, upande wa Kamanga, kwenye kipande cha ufuko alichokisafisha mwenyewe magugu na mawe. Kiwanja kilikwishapimwa kwa jina lake. Kilichobaki ni kuwekwa mawe ya mpaka, na sasa wanaume wenye magari ya barafu, wanaonunulia viwanda vya minofu, walikuwa wameanza kukizungukia. Atakayewekewa mawe kwanza ndiye mwenye kiwanja. Anayetoa amri ya mawe ni afisa mmoja, na afisa huyo kila mama akienda ofisini alikuwa "ametoka kidogo".

"Mpaka nikamfuata huyo mtoka kidogo," akasema. "Anatokea huku. Anapiga vimpira. Hii ni Jumamosi yangu ya tatu hapa."

"Na hawakuruhusu kuingia?"

Mlinzi alijibu kwa niaba yake, kwa huruma kabisa. "Tatizo mavazi. Mama hana kora."

Hapo ndipo niliposhikwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nataka kujua wakubwa wa nchi hii wanakwenda wapi wanapotoka kidogo. Nikamwambia mama anisubiri, nikaingia.

Kulikuwa na nyasi zilizokatwa kwa uangalifu ambao sijawahi kuona barabara yoyote ya Mwanza ikifanyiwa, na hapa na pale duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, laini kama sakafu, wenye shimo dogo katikati. Wanaume wazima, baadhi yao nimekwisha kuziona picha zao ukutani, walikuwa wanapiga mpira mdogo mbali kwa nguvu zote, kisha wanaufuata kwa miguu ili waupige tena. Wangeuacha pale ulipokuwa wangepumzika. Nyuma yao vijana walibeba mifuko ya fimbo. Kijana mmoja wa mifuko alinitajia mmoja mmoja, na ofisi nzima ilikuwepo: afisa, msaidizi wake, mpimaji wake, mtu wa benki na daktari ambaye mjini foleni yake ilifika barabarani. Nikaelewa kwa nini nchi inakwenda taratibu. Inatafuta mpira kwenye nyasi.

Katibu wa klabu alinifikia kabla sijaelimika zaidi. Alikuwa Mhaya mstaafu wa serikali, msafi kama sahani ya wageni, kaptula imepigwa pasi ikakata, soksi nyeupe zimevutwa hadi chini ya goti.

"Wewe ni mchezaji au kedi?"

"Shikamoo mzee. Kedi ni nani?"

"Marahaba. Mbeba mfuko."

"Mimi natembea tu."

"Hapa hakuna kutembea tu."

"Lakini mzee, mbona wote wanatembea?"

Alinieleza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kutawala. Mchezaji lazima awe na kola. Kedi haruhusiwi kuwa na kola, ili watu wasichanganywe. Mimi nilikuwa na kola ya mchezaji na sura ya kedi, kwa hiyo sikuwepo kisheria. Nilimwomba angalau anioneshe sheria yenyewe, naye, kwa fahari, akanisindikiza hadi getini na kunionesha kibao. Wakoloni walikiandika kwa Kiingereza. Yeye alikuwa amekitafsiri kwa mkono wake na kukipaka rangi upya. Wachezaji wote na wageni wao watavaa shati lenye kola, lililochomekwa. Kaptula inayofika gotini pamoja na soksi ndefu. Viatu vya kufunika. Kanga, msuli, ndala na katambuga haviruhusiwi.

"Wazungu waliondoka na vitu vingi," akasema, "lakini heshima walituachia."

Katibu alipoondoka, mama aliniambia nimsomee kibao tena, polepole. Nikamsomea. Akauliza, "Hapo pote, wameandika mwanamume?"

"Wameandika wachezaji wote na wageni wao."

"Twende Mirongo," akasema. Ndani ya ndoo, chini ya mfuniko, alikuwa na doti ya kitenge aliyokuwa ampelekee binti yake.

Fundi wa Mirongo alishona nje ya duka la kandili, na alikuwa mchangamfu mpaka aliposikia kazi yenyewe.

"Shati lenye kola, sawa, mama yangu. Na hii nyingine ni ya nani?"

"Yangu."

"Kaptula? Yako wewe?" Akaitazama futi yake ya kupimia kama nyoka. "Mama, mimi nina wakwe mjini hapa. Nitakupimaje?"

Mama alijipima mwenyewe nyuma ya pazia na kutamka vipimo kwa sauti, fundi akiandika huku amegeukia ukuta. Fundi alipokuwa akishona, soksi ndefu nyeupe tulizipata kwa muuza sare za shule. Viatu mama alikuwa navyo, vya kanisani.

Sasa, aliyekulia Dar anaweza asielewe. Mwanza ya wakati ule, mama wa umri ule, mwenye wakwe na wajukuu, hakuonesha goti hata kwa daktari. Alipotoka nyuma ya pazia alikuwa amefunga kanga juu ya kila kitu, na aliifunga mara mbili. Tulipokaribia geti aliniambia tu, "Mkwe wangu wa kiume anakaa Igogo. Akipita, niambie nikimbie."

Nikajua basi kwamba hakuwa anatania hata kidogo, na kwamba kiwanja kile alikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mlinzi aliiona kola yake, akafurahi kwa dhati. "Eeh, mama! Kora hiyo! Harafu imekaa vizuri."

"Soma na kingine," mama akasema, akafungua kanga.

Nimeona mlinzi yule akipiga saluti, lakini sijawahi kuona mtu akijifunika macho kwa kofia haraka namna ile. "Funga, mama yangu! Funga kanga, ingia tu, nitasema nilikuwa nimelala!"

"Kanga hairuhusiwi," mama akamwambia, akaikunja vizuri, akaiweka begani. Akapita. Mimi nikafuata na kola yangu.

Mchezo ulikuwa umekwisha, wakubwa wamekaa barazani na bia zao. Tulikatiza nyasi polepole, kwa sababu viatu vya kanisani havikufurahia. Kedi mmoja alidondosha mfuko. Barazani kila mtu aligundua ghafla kwamba chupa yake ina maandishi ya kusoma. Mama alipanda ngazi, akasimama katikati, kitenge cha rangi ya machungwa na samaki wa buluu juu, kitenge hicho hicho chini hadi gotini, soksi nyeupe, na akangoja. Heshima ni heshima. Wengi walikuwa rika la wanawe. Wakaamkia mmoja mmoja wakitazama dari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mnaendeleaje na kazi?"

Katibu alikuja mbio, kama soksi zilivyomruhusu. "Mama, mama, haya si mavazi ya heshima!"

"Ndiyo uliyoyaandika getini, mzee mwenzangu. Nimekosea wapi?" Akainama kidogo kujitazama. "Soksi hazijafika?" Akazivuta.

Baraza zima liliguna kama ng'ombe mmoja. Bila kujua, katibu naye alijitazama soksi zake. Zilikuwa sawasawa na za mama, pengine duka moja.

"Iliandikwa kwa ajili ya wanaume," akasema kwa sauti ndogo.

"Imeandikwa wote. Huyu kijana kanisomea."

"Lakini wewe huchezi!"

"Kwani inachezwaje? Si mtu anainama hivi na fimbo..."

"Hapana, mama!" Walisema kwa pamoja, hata daktari. Sijui kama klabu ile iliwahi kukubaliana juu ya jambo lolote kwa umoja ule.

Afisa ndiye aliyekuwa na hali mbaya. Alikuwa ameteleza chini kwenye kiti chake mpaka kola ikamfika masikioni. Mama alimwendea, akasimama mbele yake.

"Wewe ni mtoto wa watu, mama yako yupo?"

"Yupo, mama."

"Angekuwa amesimama hivi, ungefanyaje?"

"Mama, tafadhali, vaa kanga kwanza, tuongee."

"Tuongee kwanza. Kanga ninayo hapa, haina haraka."

"Njoo Jumatatu ofisini, saa mbili."

"Jumatatu utakuwa umetoka kidogo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akashindwa kujizuia. Alikuwa mpimaji, na kicheko kilimponza, kwa sababu afisa alipata mahali pa kupeleka aibu yake.

"Wewe unayecheka. Mawe yako wapi?"

"Yamo kwenye pikapu, bosi."

"Yalikuwa yanaenda wapi?"

Mpimaji akaanza kuvuta soksi zake. Mtu wa benki akakohoa. Hata mimi, niliyefika mahali pale siku hiyo hiyo, nilijua yalikuwa yanaenda Kamanga, ila si kwa mama.

"Basi yapeleke kwa huyu mama," akasema afisa. "Sasa hivi. Mbele ya katibu nasema."

"Katibu umesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, nimesikia, nakuapia, funga kanga!"

Aliifunga gari lilipowashwa, si kabla. Na kwa kuwa vijana wote wa kubeba walikuwa wamejificha nyuma ya jiko wakicheka, mimi ndiye niliyepandishwa nyuma ya pikapu kukaa na mawe. Getini mlinzi alinipigia saluti tena, lakini akiwa amegeukia ziwani. Nilisikia baadaye kwamba kibao kiliandikwa upya wiki ile, na sasa kinaruhusu akina mama kuvaa kanga. Ndivyo sheria za nchi zinavyorekebishwa.

Tulivuka kwa kivuko cha alasiri. Watu walimtazama mpimaji, na kaptula yake na soksi zake nyeupe, kuliko walivyomtazama mama aliyekaa kwa adabu ndani ya kanga. Ng'ambo, kiwanja kilikuwa nyuma ya tope la ufukoni, na tope halikusoma kibao chochote. Mpimaji alivua viatu, akavua soksi, akazama hadi pale soksi zilipokuwa zinaishia. Nilibeba mawe begani moja baada ya jingine mpaka majembe na yai yakapotea chini ya saruji na jasho. La mwisho lilipogongwa likakaa, mama alilikalia. Hakushangilia wala hakulia. Alivua viatu vya kanisani na kukandakanda vidole vyake kwa muda mrefu.

"Una pa kulala, mwanangu?"

"Sina, mama."

Alimwita mdogo wake, mwanamke mwembamba mkali anayetunza ghala la nyavu. Ghala lilikuwa la miti na mabati, na pembeni kulikuwa na nafasi ya mkeka mmoja. Nilikuwa nimekwisha kunyanyua mguu kuingia aliponizuia kwa mkono.

"Wewe, humu hamuingiwi na viatu. Vinakata nyavu. Na shati hilo chafu la kola livue, lining'inize nje, linanuka mji."

Nilivua. Nikaviweka viatu vya shemeji kando ya mlango, vimejaa tope la Kamanga, vikiwa kweli vimefika mbali, nikaingia ndani kifua wazi kutafuta mkeka wangu.