Jenga Kwanza Ndipo Uruke

Mimi huuza mabati. Nimeyauza katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mteja akinitajia urefu na upana wa nyumba yake, namwambia papo hapo atahitaji mabati mangapi na misumari kilo ngapi. Nyumba za watu nimezipigia hesabu mpaka kichwa kikauma. Yangu mwenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa nimepanga mtaani Nyamasaria na mke wangu na binti yetu. Nyumbani kwa mama, mbele ya Katito ukielekea Kendu Bay, kibanda changu cha ujana kilikuwa kimebomolewa na mvua zamani, na nyasi zikamea pale.

Naanza na hayo kwa sababu mpango wa kuruka kutoka kwenye ndege ulikuja kukwama hapo hapo.

Ulianza na nesi. Binti yetu alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, tulipokuwa tumeenda kumsalimia mama, katika kituo kidogo cha afya kando ya ziwa. Hapakuwa na mashine ya kumpasha joto. Nesi wa zamu alifungua vifungo vya sare yake, akamlaza mtoto kifuani, akajifunga leso juu yake, na akapanda naye gari hivyo hivyo mpaka Kisumu. Mtoto alikuwa mdogo kuliko mkate wa nusu. Leo ana miaka kumi na mmoja na hanyamazi. Kwa hiyo nesi yule aliponipigia simu kuniambia kwamba bado hawana mashine, na bado anabeba watoto kifuani, "na kifua chenyewe sasa kimezeeka," sikuwa na pa kukimbilia.

Wakati huo mteja mmoja aliniambia kuhusu kikundi cha warukaji wa parachuti kutoka Pwani, waliokuwa wakija kujaribu uwanja wa ndege wa zamani, wa nyasi, karibu na kwetu. Niliwapigia. Walikubali kunirusha bure, nikiwa nimefungwa pamoja na mwalimu wao. Mpango ulikuwa huu: watu wanaahidi mchango wa mashine, mimi naruka, wakishaona nimeruka wanatoa. Nisiporuka, hakuna kitu.

Kueleza jambo hilo kanisani kulikuwa kazi kuliko kuruka kwenyewe. Sisi tumezoea harambee. Unasimama, unasema shida, watu wanatoa, mnaimba, mnaenda nyumbani. Mama mmoja wa kwaya aliinua mkono.

"Sasa Baba, hiyo pesa si tutatoa tu? Lazima uanguke?"

Mwingine akasema yeye atatoa mara mbili nisiporuka, na kanisa zima likampigia makofi. Nilikasirika, nasema ukweli. Niliwaambia hii si harambee ya kunizuia. Lakini wiki ile ile ahadi zikaanza kumiminika. Wauzaji samaki waliahidi, watu wa bodaboda waliahidi, hata tajiri wangu dukani, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu shilingi, aliahidi. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga kituo kile. Nilibaki nimeshika simu nikistaajabu. Sikujua kwamba mji niliouuzia mabati miaka yote ile una moyo wa namna hiyo.

Ndipo ikaja fomu. Warukaji walitaka sahihi ya mtu wa familia, kwamba anajua ninachokwenda kufanya. Nilimpa mke wangu kalamu. Akaikunja mikono yake.

"Mimi sishiki hiyo kalamu," akasema. "Ukikufa, ni mimi wataambia nilikuua. Peleka kwa mama yako asaini kwanza. Akisaini yeye, na mimi nitasaini."

Hakuwa anatania. Nilikwenda Jumamosi. Mama alikuwa uani akianika omena, dagaa wa ziwani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza hata mara moja, na hapo nikajua nimepatikana.

"Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu. "Ukianguka, nitakulaza wapi?"

Kwetu, mwanamume mzima akifa, mwili wake hulala kwanza katika nyumba yake, ndipo unazikwa. Asiye na nyumba hujengewa kibanda cha haraka haraka kabla maiti haijafika, na waombolezaji husimama wakikitazama, kila mmoja akijua maana yake.

"Mama, nitafungwa na mwalimu. Hiyo kitu ni salama."

"Sijakataa. Mimi sitaki tu mtoto yangu ajengewe nyumba na watu ya matanga. Jenga kwanza. Ukimaliza, leta hiyo karatasi yako."

Nilijaribu hasira, nikajaribu kicheko, nikamtajia watoto wanaobebwa na nesi kifuani. Aliendelea kugeuza omena. Kikundi cha Pwani kilikuwa kinakuja baada ya wiki sita. Bila sahihi hakuna kuruka, na bila kuruka hakuna mashine. Nikajenga.

Baba mdogo alikuja kunionyesha mahali na kuchimba shimo la kwanza, maana baba yangu hayupo tena. Vyumba viwili, kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, mlango wa mbao unaotazama lango la boma. Na mimi, mtaalamu wa mabati wa Kisumu nzima, nilipungukiwa na mabati mawili. Fundi alicheka hadi akashuka ngazi. Mwishowe paa likakamilika, mimi na mke wangu tukalala humo usiku mmoja kama inavyotakiwa, nyumba ikawa nyumba. Mama aliizunguka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaomba kalamu. Aliandika majina yake yote matatu polepole. Mke wangu naye akasaini chini yake. Kisha mama akasema uwanjani hatakuja.

Siku yenyewe watu walijaa kando ya uwanja tangu asubuhi. Nesi alikuwepo, amemshika binti yangu mkono. Ndege ilikuwa ndogo, imeng'olewa viti, na mlango wake ulikuwa wazi ubavuni. Mwalimu, mtu mpole wa Mombasa, alinifunga mikanda mbele yake mpaka nikasikia moyo wake ukidunda mgongoni mwangu. Wangu ulikuwa unadunda mara mbili ya ule.

Tulipanda tukizunguka. Nilidhani ninalijua ziwa. Nimezaliwa kando yake, nimeoga humo, nimekula samaki wake maisha yangu yote. Sikuwa nimeliona. Lilifunguka kipande kwa kipande, likapita vilima vya Homa, likapita pale nilipodhani ni mwisho, na bado likaendelea mpaka likawa rangi moja na mbingu. Magugu yalielea juu yake, mabaka ya kijani. Mto Sondu ulikuwa ukiingiza maji yake mekundu ndani ya yale ya buluu, na yalichukua muda mrefu kuchanganyika. Nilianza kulia kabla hata hatujaruka. Mwalimu aliniuliza kama naogopa. Nilimwambia hapana, ingawa niliogopa sana. Nilikuwa nalia kwa sababu vyote hivi vilikuwepo kila siku nilipokuwa nyuma ya kaunta.

Kisha tukatoka.

Sina maneno ya sekunde zile. Upepo ulijaza masikio na mdomo, na sikuwa mtu wa kuuza chochote wala baba wa yeyote. Parachuti ilipofunguka, tukavutwa juu kwa nguvu, halafu kukawa kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia duniani. Tulining'inia pale, miguu yangu ikitazama kata nzima.

Nikapatafuta nyumbani. Niliifuata barabara kutoka Katito, nikakosea mara moja, nikarudi kwenye daraja, na hapo nikaona paa jipya liking'aa kupita mapaa yote ya jirani. Nilihesabu mabati kutoka angani, siwezi kujizuia. Mbele ya mlango palikuwa na doa dogo jekundu. Lilikuwa kama nguo iliyosahaulika juani.

Tulitua kwa makalio, nyasi zikanijaa suruali. Watu walinibeba wakiimba, mama wa kwaya akiwa mbele, na ahadi zikatolewa pale pale uwanjani. Nesi aliweka kiganja kifuani pake, mahali pale, akakibonyeza. Mashine sasa ipo.

Walipoanza kugawa soda nilichukua bodaboda, nikaenda kwa mama.

Doa jekundu lilikuwa leso yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa nyumba yangu, na mlango ulikuwa wazi kabisa, umeegemezwa jiwe usijifunge. Ndani sakafu ilikuwa imefagiwa. Kitanda chake mwenyewe alikuwa amekihamishia humo na kukitandika. Alikuwa amejiandaa kunipokea kwa hali yoyote.

"Tangu saa ngapi uko hapa, Mama?"

"Tangu nisikie hiyo ndege." Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, taratibu, kama anayehakikisha hakuna kilichobaki huko juu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hivyo ulijua kabisa nitakufa."

Akasonya.

"Miaka kumi na tano nimekuambia jenga uje ulale, unaniambia mwaka ujao. Nimekuambia jenga nikuzike, umejenga kwa mwezi moja."

Mama aliinuka kwa kushika mlango, akaliondoa lile jiwe kwa mguu.

"Ingia," akasema. "Chai inapoa."

Nikavua viatu, nikaingia, na usiku ule nikalala kwangu.