Siku Niliyopima Umeme wa Bwawa la Mzee Masanja

Siku moja hunirudia mara kwa mara, mwanangu, hasa saa kama hizi za mchana, Mpanda ikiwa imenyamaza kwa joto na wewe ukijigeuza taratibu tumboni mwangu. Najua bado hujazaliwa. Baba yako hunicheka, anasema nampa mtoto nasaha kabla hajapewa jina. Lakini mimi nikianza kuwaza siachi, na afadhali niwaze nikiwa naongea na wewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea umeme, sina kazi. Shija, mtoto wa kwanza wa Mzee Masanja, aliniita nikapime umeme unaotumiwa na bwawa la kuogelea nyumbani kwa wazazi wake, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Sitalike. Usishangae bwawa la kuogelea kwa mfugaji wa Kisukuma. Mzee alihamia huku na ng'ombe tangu ujana wake, na bwawa lile yeye aliliita lambo, kama yale ya kunyweshea mifugo. Lilichimbwa kwa ajili ya mkewe, Mama Shija, ambaye kiharusi kilimlegeza mguu mmoja. Nchi kavu alibebwa. Ndani ya maji alitembea mwenyewe, ameshika ukingo, akiimba kwa sauti ya chini.

Tatizo likawa umeme. Shija ndiye aliyekuwa ananunua uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kila akinunua zinaisha kabla hajapumzika. Akaamua bwawa lifukiwe. Baba yake akamwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kufukia, mtu apime ijulikane ni nini hasa kinachokula umeme. Lori la udongo lilikuwa limeshaagizwa, lije mchana huohuo.

Nilifika asubuhi. Nikazima kila kitu cha nyumbani, nikaacha pampu inayozungusha maji na kuyapitisha kwenye chujio. Nikaubana waya wake kwa kipimo, nikasoma. Nikaenda kwenye mita, nikatazama taa yake nyekundu, ile inayoharakisha umeme ukitumika zaidi, ikiwaka na kuzimika polepole, kama mtu anayefumba na kufumbua macho usingizi ukimjia. Kisha nikazima pampu, nikawasha tena kisanduku nilichokikuta kinafanya kazi nyuma ya ukuta nikakizima. Ilikuwa hita ya maji, iliyowashwa wakati wa baridi ikasahaulika. Ile taa ikaanza kukimbia.

Jibu nilikuwa nalo hapo, mwanangu. Sikulisema. Nikawaza, je, kama kipimo changu kimeharibika? Je, kama umeme wa asubuhi hauna nguvu kama wa jioni? Nikapima tena, na tena. Maji yalikuwa ya buluu, mawingu yanapita ndani yake, pampu inavuma kama mzinga wa nyuki ulio mbali porini, nami nikawa kama nimelala nimesimama. Kila kipimo kilifanana na kilichotangulia, na kila kimoja kikaniletea shaka mpya.

Shija akatoka ndani. "Fundi, vipi?"

"Naomba nipime tena kidogo, kaka."

"Tena? Wewe umesomea umeme au umesomea kuota?"

"Mwache binti wa watu," mama yake akasema kutoka barazani. "Hayo maji yanalewesha. Hata mimi nikiingia nasahau kutoka."

Lori likafika. Nikasikia likirudi nyuma getini, dereva akiuliza amwage wapi. Shija akanitazama, mimi nikainamia kipimo. Akamwambia dereva asogee mpaka ukingoni.

Hapo Mzee Masanja akaja na fimbo yake, akachuchumaa pembeni yangu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, nilipokuwa kijana baba alinituma nitangulie mtoni, nikaone kama maji yamepungua tuvushe ng'ombe. Nikakuta yamepungua. Lakini nikaogopa. Nikisema wavuke, ndama akisombwa je? Nikakaa pale nayaangalia maji. Kundi lilikuwa nyuma, uwanda hauna kivuli, mpaka ng'ombe mmoja akalala chini asiinuke tena. Baba akaja akanikuta nimekaa. Unajua aliniambia nini?"

"Hapana, mzee."

"Alisema, nilikutuma ukauangalie mto, sikukutuma uubebe." "Sasa wewe umeona, au hujaona?"

"Nimeona."

"Basi sema ulichoona. Usichokijua nacho kiseme. Yanayobaki ni ya wenye nyumba."

Nikainuka. Nikamwambia Shija kwamba pampu inakula kiasi, ila inaachwa izunguke usiku na mchana bila sababu. Mlaji mkubwa ni hita, na kwa joto hili haihitajiki. Wakiizima, na pampu wakaiwasha asubuhi na jioni tu, matumizi ya bwawa yatashuka chini ya nusu. Nikaongeza kwamba sijui kama maji yatabaki safi kwa muda huo mfupi. Itabidi wayaangalie, yakianza kugeuka kijani waiongezee pampu muda.

"Kwa hiyo hujui," Shija akasema.

"Hilo silijui, kaka. Hayo mengine nayajua."

Mama Shija akaanza kucheka peke yake. "Kumbe ni hita. Mimi siku zote nalisifu jua kwa kunipashia maji."

Shija naye akashindwa kujizuia, akacheka. Akamwambia dereva udongo aumwage nje ya geti, atautafutia kazi. Kisha akambeba mama yake mpaka kwenye ngazi za bwawa, akamshusha taratibu. Yule mama akaenda, hatua kwa hatua, mawingu yakivunjika mbele ya kifua chake na kujiunga tena nyuma yake.

Mwanangu, naogopa utarithi kichwa changu. Ukikirithi, kitumie, fikiri sana, ila ujue kuna mahali ambapo kufikiri kunageuka kujificha. Mtu akiwa anangoja neno lako, mpe lile ulilonalo, umwonyeshe na pale ujuzi wako unapokomea, usione aibu. Ilibaki kidogo mimi nimnyime mama wa watu miguu yake, kwa kutafuta uhakika ambao hakuna aliyeniomba.

Mungu akujalie macho yanayoona na ulimi usiochelewa. Akupe watu watakaochuchumaa karibu yako ukikwama. Na siku yako ikifika, njoo salama, wala usingoje mpaka uwe na hakika na dunia.